Kazi Isiyo na Mwenyewe

Karakana nzima iliwaita Mikono na Mdomo, na hakuna aliyejisumbua kujua majina waliyopewa na wazazi wao. Mikono alikuwa na mikono kweli. Mpe kipande cha nta na kisu kidogo, mwache ainame dakika kumi, ukirudi unakuta jino limekaa kwenye fizi kana kwamba liliota hapo. Mdomo naye alikuwa na mdomo. Lugha ya ugenini, ambayo mwenzake aliikalia miezi sita akaambulia maneno ishirini tu, yeye aliizungumza tangu wiki ya pili, na utani wake akautia humo humo. Nyumbani alikuwa na jina jingine la utani, Kasuku, alilopewa na mama yake mkubwa kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea. Nasi tumwite hivyo, maana ndilo alilolipenda.

Walikuwa watoto wa ndugu wawili, toka nitoke. Mama yake Kasuku, aliyekuwa mdogo wa hao wawili, alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Siku ya maziko watu wazima walikaa kugawana mzigo. Mjomba mmoja akamwonyesha Kasuku kwa kidole na kuuliza, "Na huyu mtoto, ana mwenyewe?" kama mtu anayeulizia mwavuli uliosahauliwa mlangoni. Mama mkubwa akainua mkono. "Mwenyewe ni mimi," akasema, na mjadala ukafungwa. Tangu siku hiyo Kasuku na Mikono walilelewa chumba kimoja, sahani moja, kipigo kimoja. Tofauti ilikuwa ndogo tu: Mikono aliita "mama," Kasuku aliita "mama mkubwa." Ni neno moja la ziada, lakini alilibeba miaka ishirini na likamchubua.

Huyo mama mkubwa alikuwa mwanamke wa kucheka. Alikuwa na mwanya uliosifiwa mtaa mzima, na akicheka alirusha kichwa nyuma ili hata wasiopenda wauone. Kisha fizi zikaugua. Meno yakalegea moja baada ya jingine, daktari akayamaliza yaliyobaki, na mama akanyamaza. Akawa hasemi na mtu bila kuziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Harusini haendi, msibani anakaa nyuma kabisa, karibu na viatu.

Kwa hiyo chuo kilipowachagua mabinti hao wawili kwenda nje kwa mafunzo ya miezi sita, kwenye karakana ya kutengeneza meno ya bandia, kila mtu nyumbani alijua safari ile ni ya nini. Vyeti ni vyeti, lakini meno ya mama ndiyo yalikuwa safari. Mjini kwao hapakuwa na karakana ya namna hiyo. Kabla hawajaondoka, daktari wa meno alimketisha mama, akamjaza kinywa, kwa kijiko kipana, unga uliokorogwa ukawa kama uji mzito, ili apate sura ya fizi zake. Mama alipaliwa, akatapatapa, akampiga daktari kofi la shavu. Ulipotolewa alisema, machozi yakimtiririka, "Mara moja tu. Hata aje malaika ameshika hicho kijiko, sifungui tena mdomo wangu." Na wote waliomjua walijua hatafungua.

Sura ile ya kinywa, iliyomiminwa kwa plasta, ilisafiri kwenye sanduku la Mikono imevikwa soksi tatu.

*

Mafundi walipoweka zana chini kwenda kula mchana, Mikono alifungua droo yake, akaitoa ile plasta, akaendelea. Wanagenzi waliruhusiwa kutumia mabaki ya nta na ya unga wa rangi ya waridi unaofanywa fizi za bandia kwa mazoezi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Aliipandisha kwenye kile kifaa kinachofunguka na kufunga kama taya, akapanga meno, akayatoa, akayapanga upya. Mwanya ndio uliomtesa. Alikuwa na picha ya zamani ya mama akicheka, ameiegemeza kwenye kikombe, na mara tatu aliyeyusha nta kwa sababu nafasi ilizidi au ilipungua kwa unywele.

Siku moja Fundi Mkuu alipita, miwani imepandishwa kwenye paji la uso kama kawaida yake. Akayachukua yale meno, akayageuza, akasonya.

"Mwambie meno ya mbele yakiachana hivi ni uzembe," alimwambia Kasuku. "Ayasogeze."

Kasuku akatafsiri. Mikono akacheka. "Mwambie si uzembe. Mwambie huo ni mwanya wa mama yangu, na nikiuziba mama hatajijua kwenye kioo."

Maneno mazuri hayo, yangemwingia mzee yule. Lakini chakula cha Kasuku kilikuwa kinapoa, na kusema kweli alishachoka kumbeba mama huyo ulimini kila siku. "Anasema anafanya majaribio tu," alisema.

Fundi Mkuu akayarudisha meno mezani, akaenda zake. Na Mikono akaitikia kwa kichwa. Hiyo ilikuwa tabia yake: kila Kasuku akimaliza kutafsiri, yeye aliitikia kwa kichwa kuthibitisha, kama mtu anayetia sahihi barua asiyoweza kuisoma.

Basi ikawa hivyo. Katika karakana nzima, yenye watu kumi na wanne, hakuna aliyejua kuwa meno yale yana mdomo unaoyasubiri. Walidhani ni mazoezi. Habari zote za Mikono zilipitia kwa Kasuku, na hiyo habari Kasuku hakuipitisha. Hakuwa na nia mbaya wakati ule. Alikuwa na njaa.

Nia mbaya ilikuja Jumapili moja, wiki tatu kabla ya kuondoka.

Jumapili walipiga simu nyumbani, ile ya kuonana. Mama alishika simu juu juu, wakaona paji la uso, macho, na mtandio. Swali lake lilikuwa lile lile. "Meno yangu yamefika wapi?" Mikono akayasogeza mbele ya simu. Fizi zilikuwa tayari, zinang'aa, plasta ya kinywa cha mama ilishavunjwa ili kuzitoa, na mwanya ulikuwa mahali pake.  Macho ya mama yakajaa maji.

"Nitacheka siku mtakayorudi," alisema, nyuma ya mtandio. "Si kabla." Kisha, kwa kuwa alikuwa amefurahi na furaha humfanya mtu atafute wa kumtania, akageukia upande wa pili wa kioo. "Na wewe Kasuku? Mwenzio ananiletea meno. Wewe utaniletea nini? Maneno?"

Walicheka wote watatu, na Kasuku ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Usiku alilala ameelekea ukuta. Nani aliyemtafutia Mikono chumba? Nani aliyembishia mwenye nyumba kuhusu maji ya moto? Nani aliyempeleka hospitali alipojikata kidole, akajaza fomu, akasema na daktari? Maneno. Miezi sita Mikono asingeweza hata kununua chumvi bila maneno hayo, na sasa yamekuwa mzaha. Aliona uchungu, na uchungu ule haukumtoka asubuhi. Aliuamkia, akauvaa, akaenda nao kazini.

Wiki hiyo hiyo karani wa mapokezi, mwanamama mpenda umbea aliyemzoea Kasuku, alimwambia kuhusu nyundo.

"Hawajawaambia? Siku ya mwisho kila mwanagenzi anaweka mezani kazi yake bora. Fundi Mkuu anashika nyundo ya mbao, anauliza, 'Kazi hii ina mwenyewe?' Unajibu kuwa haina. Basi, anaipiga mpaka inakuwa unga."

"Kazi bora? Anaivunja?"

"Desturi ya nyumba hii. Mwanafunzi anaondoka na mikono, haondoki na kazi. Hata yeye walimvunjia ya kwake, akalia wiki nzima, anasimulia kila mwaka. Ila kazi yenye mgonjwa haiguswi, hilo halina mjadala. Ukisema ina mwenyewe, anaweka nyundo chini, anaifunga mwenyewe kwenye boksi, na ole wako ukiiangusha."

Katika lugha ile, jibu la kuwa kazi haina mwenyewe ni neno moja tu, fupi, laini, la midomo mitupu. Hata mtoto asiye na jino angelitamka.

Kasuku angeweza kurudi chumbani jioni ile akamweleza mwenzake yote. Alirudi, akamkuta Mikono anakunja nguo, akasema, "Siku ya mwisho tunaweka mezani kazi zetu bora, wanazitazama."

"Niweke ya mama?"

"Si ndiyo bora?"

"Wataniuliza kitu?"

"Swali moja. Nitakutafsiria."

Tusimwonee. Hakupanga kuvunja. Alichopanga ni kitu kidogo, cha kitoto: nyundo ipande, Mikono atokwe na jasho, aone kwa macho yake kuwa mikono yote ya dunia haiwezi kuzuia nyundo moja, na kisha yeye Kasuku afungue mdomo aseme neno, nyundo ishuke taratibu. Nyumbani ingesimuliwa kuwa bila Kasuku meno yasingefika. Mama mkubwa angesikia kuwa maneno nayo ni mzigo wa kuletewa mtu. Alilifanyia mazoezi jibu lake bafuni: "Yana mwenyewe. Ni ya mama yetu." Mama yetu, si mama yake. Alilipenda hilo zaidi ya yote.

*

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Meza ndefu ya katikati ilipanguswa, mashine za kung'arisha zikazimwa, na karakana ikawa kimya kwa namna ambayo wageni hawa hawakuwahi kuisikia. Mafundi walisimama na vikombe vya kahawa. Kwenye kona ya meza palikuwa na kipande cha jiwe la kaburi, lile jeusi linalong'aa, na juu yake nyundo ya mbao yenye mpini uliokula jasho la miaka.

Alianza Kasuku. Aliweka gego lake moja, lililotoka nene kama punje ya hindi. Fundi Mkuu akaliweka kwenye jiwe, akainua nyundo, akauliza swali. Kasuku akajibu kwa lile neno fupi. Pwaa! Watu wakapiga makofi, mmoja akasema afadhali limekufa, na Kasuku akacheka pamoja nao. Alikuwa na kazi mbovu na ngozi ngumu, wakampenda kwa vyote viwili.

Alipogeuka alimwona Mikono. Uso umempauka. Alikuwa ameyashika meno ya mama kifuani kwa mikono miwili.

"Wanavunja?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kasuku, wanavunja?"

"Tulia. Weka mezani. Mimi nipo."

Na Mikono, aliyezoea miezi sita kuwa Kasuku akiwepo mambo yanakwenda, akayaweka. Mafundi wakasogea. Mmoja akapiga mluzi. Yalikuwa mazuri, jamani. Fizi zilikuwa na ule wekundu usio sawasawa wa fizi za kweli, na jino moja la pembeni lilikuwa limeegama kidogo kwa mwenzake, kama la mama lilivyokuwa. Mbele, mwanya. Fundi Mkuu aliyainua akayatazama muda mrefu bila miwani, kisha na miwani. Safari hii hakusema uzembe. Akayaweka juu ya jiwe polepole, akachukua nyundo, akamkabili Mikono, akauliza.

"Hayo ni meno ya mama!" Mikono alipiga kelele, kwa lugha yao ya nyumbani, maana maneno yake ishirini yalikuwa nta, plasta, moto, punguza, na mengine ya mezani, na hata hayo yalishamkimbia. "Mwambie asithubutu! Mwambie mama anayasubiri! Mwambie, Kasuku!"

Fundi Mkuu akageuka. Wote wakageuka. "Anasema nini?"

Hapo ndipo palikuwa pa Kasuku. Ndipo alipopaandaa kwa karibu wiki tatu. Watu kumi na wanne wanamtazama, nyundo iko hewani, na neno liko tayari mdomoni. Akatupa jicho kwenye jiwe. Yale meno yalikuwa wazi kidogo, mwanya mbele, na mama mkubwa alikuwa amekaa pale juu ya jiwe anacheka. Alikuwa anamcheka yeye. *Wewe utaniletea nini? Maneno?*

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini Kasuku hakujikwaa. Ulimi wake ulitembea mahali palipo sawa, hatua moja, bila haraka.

Alisema lile neno fupi.

Na Mikono, kwa tabia yake ya miezi sita, akaitikia kwa kichwa kuthibitisha.

Nyundo ilishuka mara tatu. Ya kwanza iligawa fizi. Ya pili ilitawanya meno, moja likaruka hadi kwenye kikombe cha mtu. Ya tatu haikuwa na sababu, ila Fundi Mkuu alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Watu wakapiga makofi marefu kuliko yote, na baadhi ya wazee walikuwa na machozi, kwa heshima.

Mikono hakulia kwa sauti. Alipiga magoti akaanza kuokota. Fundi Mkuu alimshika bega, akasema kitu kirefu.

"Anasema nini?" Mikono aliuliza kutoka chini.

Alichosema ni hiki: kwamba katika miaka thelathini hajavunja kazi nzuri kama ile, kwamba mikono iliyoifanya itafanya bora zaidi, kwamba mlango wa karakana uko wazi kwake siku yoyote atakayotaka kurudi kuajiriwa.

"Anasema pole," alisema Kasuku.

Mchana walipewa fomu ya mwisho ya mafunzo, kurasa mbili, yenye nembo ya karakana. Kasuku alijaza yake, kisha akakaa kumjazia mwenzake. Swali la mwisho lilisema: Umejifunza nini katika muda wako hapa?

"Uliwaambia?" Mikono aliuliza badala ya kujibu. Alikuwa ameuweka mkono mfukoni, amekamata kitu.

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Desturi ni desturi. Hawakusikiliza."

Mikono alimtazama kwa muda wa mtu anayepima nafasi kati ya meno mawili. "Sawa," alisema. "Hapo andika: nimejifunza kusikiliza."

Kasuku akaandika, neno kwa neno. Ilikuwa tafsiri sahihi ya kwanza aliyoifanya siku hiyo.

*

Habari ilitangulia nyumbani kwa simu. Mikono ndiye aliyempigia mama, peke yake, nje kwenye ngazi, na alikaa huko nusu saa. Kasuku hakulala. Kesho yake, njia nzima angani, alingoja kuulizwa. Hakuulizwa kitu. Mikono alikula, akalala, akaangalia mawingu.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Mikono alisogea kando, akampisha Kasuku atangulie, na mama akashuka ngazi mbili za baraza, akampita mwanawe wa kumzaa na kumkumbatia Kasuku. Akamkumbatia mpaka mfuko ukamdondoka begani. Haikuwahi kutokea. Siku zote, kurudi shule, kurudi hospitali, kurudi kokote, alianza Mikono, akafuata yeye.

"Mwanangu," alisema mama. "Mwanangu, mwenzio amenieleza yote. Kwamba uliwazuia wote wale peke yako. Kwamba uliwapigia kelele mpaka sauti ikakukauka. Kwamba uliwaambia, 'ni ya mama yetu.'"

Kasuku akaganda. Maneno yale hakumwambia mtu. Ila bafu la kule lilikuwa na ukuta mwembamba, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na kitanda cha Mikono. Alimtazama mwenzake juu ya bega la mama. Mikono alikuwa anafungua sanduku, anatafuta viatu vya ndani.

Waliingia, wakakaa sebuleni, chai ikaletwa. Mikono alitoa mfukoni kile alichokificha: meno mawili ya mbele, bado yameshikana kwenye kipande cha fizi, na mwanya katikati. Mama aliyageuza kiganjani, akayafunga kwenye ncha ya mtandio na kupiga fundo. Kisha akauachia mtandio ukaanguka mapajani, mdomo wazi, fizi tupu, mbele ya Kasuku.

"Kwako sijifichi tena," alisema. "Uliyesimama mbele ya nyundo kwa ajili ya kinywa changu, nikufichie nini?" Akacheka, kicheko kile cha kurusha kichwa nyuma, bila jino hata moja. Alikuwa ameahidi kucheka siku ya kurudi kwao, na alitimiza. "Wengine wataendelea kuona mtandio. Wewe peke yako ndiye utakayeniona. Meno yaliniponyoka, lakini mtoto nimepata."

Kasuku alitaka kusema. Mnyime yote mengine, lakini hilo mpe: alitaka kusema, akafungua mdomo, na yeye aliyeanza kusema kabla ya kutembea hakupata hata silabi.

"Wale watu," mama akaendelea, "wanasemaje asante kwao? Nataka nikushukuru kwa lugha ile ile uliyonipigania nayo."

 Mikono akaweka kikombe chini.

"Hilo mimi ninalijua, mama."

Akalisema lile neno fupi, la midomo mitupu. Alilisema vizuri, bila kosa, kama mzaliwa wa kule. Chai ya Kasuku ikamwagika kwenye sahani.

"Wewe?" mama alishangaa. "Si ulisema lugha yao ilikushinda?"

"Hili nililisikia mara mbili siku moja," alisema Mikono, akimtazama dada yake usoni. "Mara ya kwanza kwa kazi yake, mara ya pili kwa yangu. Halisahauliki. Lijaribu, mama. Halihitaji meno."

Mama alilijaribu. Mara ya kwanza likapinda, Mikono akamrekebisha kwa upole, akamwonyesha jinsi midomo inavyokutana. Mara ya tatu lilinyooka. Mama akafurahi kama mtoto. Akamgeukia Kasuku, akamshika mikono yote miwili, akamwangalia machoni kwa upendo aliomnyima, au aliodhani amemnyima, miaka ishirini, na kumwambia kwa lugha ya ugenini kwamba hana mwenyewe.

Mikono aliitikia kwa kichwa.

Tangu hapo mama humwambia Kasuku kila siku. Humwambia asubuhi akimpa chai, humwambia jioni akirudi kazini, na wageni wakija humwita mbele yao amwambie, ili wasikie jinsi alivyojifunza lugha uzeeni. Daktari wa meno alikuja mara moja na kijiko chake, mama akamfukuza. Hahitaji meno, alisema, anaye Kasuku wa kumsemea. Mikono alipata kazi mji mwingine. Akipiga simu humwomba mama, kabla ya kukata, amshukuru dada yake kidogo asikie.

Na kila mara mama mkubwa, ambaye hapendi kukosea mambo ya watu, huuliza swali lile lile, fizi zake wazi, zinang'aa.

"Nimelisema sawasawa, mwanangu?"

"Umelisema sawasawa, mama mkubwa."